Usikate majani ya ua la kitunguu likishachanua

Wenye amarilisi na gladiola, maua yanayoota kutoka kwenye kitunguu kilichofukiwa ardhini, hapa Dodoma wana kilio kimoja: mwaka wa kwanza maua yalipendeza, mwaka wa pili ni majani matupu. Mara nyingi chanzo ni mkasi. Ua linanyauka, majani yanalegea na kulala, mwenye bustani anaona uchafu anayakata. Pale ndipo ua la msimu ujao linapokufa.

Kata kitunguu maji cha jikoni kwa wima, katikati kabisa, ukitazame. Chini kuna kisahani kigumu. Hicho ndicho shina, fupi mno, na mizizi hutokea chini yake. Juu yake yamepangana magamba manene yenye majimaji, ambayo ni vitako vya majani vilivyonenepa kwa chakula. Katikati kuna chipukizi la kijani hafifu. Amarilisi imeumbwa hivyohivyo, ila katikati ya magamba yake, ukibahatika, utakuta kidole bapa kimejibana: ua ambalo bado halijatokeza. Ngozi kavu ya nje haina chakula. Kazi yake ni kuzuia maji yasipotee, kwa hiyo usiimenye.

Chakula hicho hutoka kwenye majani. Jua linapoyapiga yanatengeneza sukari, sukari inashuka kwenye magamba na kuwekwa akiba, sehemu kubwa kama wanga. Amarilisi hutunga kichwa kimoja cha ua ndani kwa takriban kila majani manne inayotoa, na kichwa hicho huchukua mwaka hivi au zaidi kabla ya kuonekana nje. Ukikata majani mawili ya kijani mwezi Februari, kitunguu hakitakufa. Kitabaki kidogo tu, na chini ya mzingo wa sentimita 20 hivi usitegemee maua ya maana.

Kwa hiyo ua likinyauka, kata bua lake peke yake, pamoja na tumba la mbegu, maana mbegu hula akiba. Acha majani. Endelea kumwagilia mvua ikikatika, na kila mwezi weka kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 kuzunguka mmea, sentimita 10 kutoka kwenye kitunguu, mpaka Aprili. Urea iache: inaleta majani mengi mororo na kitunguu laini kinachooza upesi. Gladiola ukiikata ya kuweka sebuleni, bakiza angalau majani manne kwenye shina.

Kuanzia Mei punguza maji, na majani yakishakuwa ya manjano acha kabisa. Hapa kiangazi chetu ni msaada mkubwa. Lile ua jekundu la mviringo linalotokeza porini mvua za kwanza zikinyesha, Scadoxus multiflorus, hukaa miezi yote mikavu likiwa kitunguu tu ardhini, bila jani hata moja. Baadhi ya mimea hii ina hata mizizi yenye mikunjo kama pete, inayojifupisha na kukivuta kitunguu chini zaidi, kwenye udongo usiochemka kwa jua. Anayemwagilia kitunguu kilicholala Julai, kwa huruma, anakiozesha: hakina majani ya kutumia maji hayo.

Kwenye udongo mwekundu wa kichanga vitunguu vinaweza kubaki ardhini. Kwenye mbuga, ule mweusi unaonata, ving'oe, au uvipande kwenye tuta lililoinuka sentimita 20. Amarilisi ya kwenye chungu ipumzishe wiki 8 bila maji, kisha mwagilia mara moja vizuri na usubiri chipukizi. Unapoipanda, theluthi ya juu ya kitunguu ibaki nje ya udongo. Maji yakituama shingoni, kitunguu huoza. Mchanganyiko unaofaa ni madebe mawili ya udongo tifutifu, debe la mchanga wa mto na debe la samadi iliyooza.

Gladiola si kitunguu cha magamba bali shina lililovimba. Ng'oa wiki 6 hadi 8 baada ya maua. Utakuta kipya juu na cha zamani kimesinyaa chini yake. Anika kivulini wiki mbili au tatu, halafu kile cha zamani kinabanduka kwa mkono. Kitupe. Mvua zikianza, panda kipya kwa kina cha sentimita 10 hadi 15.

Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi. Kitunguu kilicholala bado kinapumua na kula akiba yake, na joto huzidisha ulaji huo. Usikiweke darini chini ya bati. Oktoba na Novemba kule ni tanuri. Tumia mfuko wa wavu, chumba chenye hewa, karibu na sakafu. Mfuko wa plastiki hufunga unyevu na kuleta ukungu. Kila mwezi vibonyeze: kilicholainika kitakoni kitoe kabla hakijaambukiza vingine.

Na tafadhali, visikae kamwe stoo moja na vitunguu vya kula. Amarilisi na Scadoxus vina sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Viandike alama, na viwe mbali na watoto, mbuzi na mbwa.

Ukishawishiwa kununua tulipu, ujue zinahitaji baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 au zaidi, na Dodoma hatuna baridi hiyo hata Julai. Itabidi zikae kwenye friji, mbali na maembe au ndizi mbivu, maana gesi ya matunda yanayoiva huua ua likiwa bado ndani.