"Mada Yangu Haina Maandiko": Na Mimi Nilidhani Hivyo

Jumapili usiku binti mmoja anayesoma sosholojia mwaka wa tatu aliniandikia: "Shikamoo dada. Wiki nzima natafuta Google, mada yangu ya wanawake wa mwani wa Paje, Zanzibar, haina maandiko. Nibadilishe?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maneno hayo nayajua.

Nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamili, andiko langu la utafiti kuhusu wakulima na wafugaji wa Kilosa lilirudi na wino mwekundu ukurasa wa nane: "Mapitio ya maandiko yako wapi? Umesoma nini?" Msimamizi akalisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Nilikuwa nimesoma mpaka macho yanawasha, ila nilisoma habari za magazeti na ripoti za miradi, maana ndizo zinazojitokeza ukiandika "migogoro ya ardhi Kilosa".

Nikaenda Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, kinachotunza maandiko kuhusu Afrika Mashariki. Sikuwa mwanafunzi wa pale, nilibeba barua ya utambulisho. Mkutubi, mama mtu mzima, aliniuliza swali moja tu: "Hao wafugaji wako, zamani vitabu viliwaitaje?" Nikajibu Waparakuyo. Akatikisa kichwa, akachukua kalamu, akaandika kwenye kikaratasi: Baraguyu.

Neno hilo moja lilinifungulia mlango. Nilipata makala ya mwanaanthropolojia Beidelman ya mwaka 1960 katika Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936. Karatasi zimekuwa njano, kingo zinakatika ukizigusa. Nikafuata tanbihi zake, moja ikanipeleka kwa nyingine. Andiko lilipita, na aliyeniandikia kwa wino mwekundu ndiye aliyelisaini.

Kwa hiyo wadogo zangu, msikimbilie kubadilisha mada. Tafuteni jina ambalo taaluma yenu inakiitia hicho kitu, la leo na la zamani. Muulizeni mkutubi. Mnapita mezani kwake kila siku hata salamu hamna, na ndiye anayejua kilichomo humo ndani! Mnaotaka takwimu, data za Afrobarometer, tafiti za maoni ya wananchi wa nchi za Afrika, zinapakuliwa bure, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina utafiti wa kaya ulioanza 2008/09, unaorudi kwa kaya zilezile awamu kwa awamu. Majarida ya Afrika yako kwenye tovuti ya AJOL (African Journals Online). Lakini narudia, anzeni na jina.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia, wanawake wa mwani wa Paje ni mada nzuri sana, usiiache. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza kibiashara 1989, na wengi walioandika habari zake ni watu wa sayansi za bahari, ndiyo maana kwenye sosholojia huwaoni. Andika Eucheuma, andika spinosum, majina wanayouitia mwani huo, uone yatakayokuja. Kisha omba barua ya utambulisho chuoni kwako, uende Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, umuulize mtu wa maktaba.