“Borrow” na “lend”: mwenye kalamu ni nani?

Swali: Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari anaeleza kwamba wanafunzi wake huandika “I borrowed him my pen” wakikusudia kuwa walimpa mwenzao kalamu kwa muda. Anauliza kosa hilo linatoka wapi.

Jibu: Linatoka kwenye kitenzi chetu “kuazima”, ambacho hutumika kwa pande zote mbili. Mtu akisema “Niliazima kalamu kwa Juma”, kalamu ilikuwa ya Juma. Akisema “Nilimwazima Juma kalamu”, ilikuwa yake mwenyewe. Kitenzi ni kilekile, na mwenye mali tunamtambua kwa kiambishi cha mtendwa au kwa neno “kwa”. Basi mwanafunzi aliyekariri kwamba “borrow” ni kuazima haoni haja ya neno jingine, na huweka “him” pale ambapo Kiswahili kingeweka -m-. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo: “borrow” ni ya anayepokea, naye humtaja mwenye mali baada ya “from”, ilhali “lend” ni ya anayetoa. Sentensi sahihi ni “I lent him my pen”.

Ningemshauri mwalimu aanze na kukopa na kukopesha, kwa kuwa hapo sisi nasi tumetenganisha. Asemaye “Amenikopa elfu kumi” anadai, na asemaye “Amenikopesha elfu kumi” anadaiwa; darasa zima litaelewa mara moja, maana kwenye fedha hakuna anayekubali kuchanganya.

Hata hivyo, ulinganisho huo una mipaka yake. Katika Kiswahili cha makini, kinachoazimwa ni kitu kitakachorudi chenyewe, kama jembe au sufuria, na kinachokopwa ni fedha au bidhaa itakayolipiwa baadaye. Kiingereza hakijali tofauti hiyo kati ya jembe na fedha, lakini anayekopa unga dukani hatumii “borrow” hata kidogo, bali husema “I bought flour on credit”.

Wala tusidhani kwamba Kiingereza ndicho kinachotenganisha siku zote. “They rented the house” yaweza kusemwa juu ya wapangaji au juu ya wenye nyumba, na msikilizaji hutegemea muktadha, ilhali sisi tunasema “walipanga” au “walipangisha” na jambo limekwisha.