Kabla hujamchukua chatu wa rangi adimu

Nina chatu saba, na kusema kweli ni wawili tu niliowachagua nikiwa na akili zangu timamu. Watano waliobaki nilivutwa na rangi. Anayefuga nyoka au mijusi anaujua ugonjwa huu. Unaanza na wa kawaida, wa kahawia na mabaka meusi, unampenda kabisa. Siku moja unaona picha ya mwenzake mweupe pe, ana mabaka mawili tu mgongoni kama kamwagikiwa wino, na usingizi unakata.

Nazungumzia Python regius, yule chatu mfupi mnene wa Afrika Magharibi na ya Kati anayejikunja kama mpira akiogopa. Porini, mweupe pe hafiki mbali, mwewe anamwona kwanza. Kwa wafugaji ndiye mfalme. Albino wa kwanza kuzalishwa kizimbani alianguliwa Marekani mwaka 1992, na huyo mweupe mwenye mabaka, piebald, akathibitishwa kuwa ni wa kurithi mwaka 1997. Tangu hapo wafugaji wamechanganya jeni mpaka majina ya aina mpya hayashikiki kichwani.

Silaumu mtu kwa kuvutiwa. Hakuna piebald wawili wenye ramani moja, na kumfungulia kizimba kila jioni ukakutana na kitu ambacho hakipo kwingine kokote ni raha ambayo siwezi kuikana. Lakini kuna uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi huo niliulipia.

Alikuwa chatu wa aina iitwayo buibui, kwa sababu mistari yake myeusi ni myembamba kama utando. Wiki ya kwanza nikamletea panya. Akainua kichwa, kichwa kikaanza kutetemeka, kisha kikazunguka taratibu mpaka kidevu kikaangalia juu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyopinduliwa. Akajirusha kumdaka. Akagonga kioo, panya yuko pembeni kabisa. Nilipompigia aliyeniuzia akacheka: "Aa, hiyo ni tabia yao tu, utazoea."

Si tabia. Jeni inayochora ule utando inakwenda pamoja na hitilafu ya mizani ya mwili. Mwaka 2022 watafiti waliwapiga buibui kadhaa picha za ndani ya fuvu wakakuta sikio la ndani, mahali mnyama anapojulia juu ni wapi na chini ni wapi, limeumbika vibaya. Kinachotofautiana ni kiwango. Mmoja utamwona ametulia kwa miezi, mpaka siku anaposisimka.

Na si chatu peke yao. Kwa geko chui, wale mijusi wa madoadoa, ilitokea aina iitwayo Lemon Frost, ya njano inayong'aa na macho meupe. Watu waligombania. Baadaye wengi wakaanza kuota vivimbe kwenye ngozi, na utafiti wa 2021 ukaonyesha kwamba rangi na uvimbe vinatoka sehemu ileile ya urithi. Kuna pia mjusi ndevu asiye na magamba, ngozi laini kama hariri. Ukimshika unasikia vizuri, ila magamba hayakuwekwa pale kwa urembo: anachubuka na jiwe, anachubuka na kucha za mwenzake, na kujivua ngozi kwake ni shughuli.

Hata hivyo, si kila rangi adimu ni balaa. Albino wangu anakula na kupanda kama yeyote, taa kali tu ndiyo simwekei. Swali la kumuuliza muuzaji si "ni adimu kiasi gani?" Muulize rangi hii inakuja na nini. Kisha mwombe umwone mnyama akila, hata kwa video. Nyoka aliyejikunja mkononi hakuambii kitu. Mwone anavyonyoosha shingo, anavyojigeuza ukimlaza chali. Muulize alikula lini na ana uzito gani. Akisitasita, ondoka, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna gunia jingine, la "asilimia 66". Jeni za albino na piebald hujificha: mnyama anaweza kuibeba akaonekana wa kawaida tu. Wazazi wawili wabebaji wakizaa, katika watoto wa rangi ya kawaida, wawili kati ya watatu ndio wabebaji. Kwa hiyo anayekuuzia "66" anakuuzia bahati nasibu, na ni halali ilimradi umeelewa. Mimi sikuelewa. Nilimlea jike wangu wa "66" miaka mitatu, nikampandisha kwa piebald. Mayai sita, siku hamsini na nane kwenye kiatamishi cha nyuzi 31. Asubuhi moja ganda la kwanza likachanika, pua ikachungulia, imebaki hapo saa nzima kama inafikiria. Kahawia. Wa pili kahawia. Wote sita kahawia. Angekuwa mbebaji, nafasi ya kukosa wote ni moja kati ya 64. Nilikaa chini nikacheka mwenyewe.

Anayenunua akitegemea faida, ajue tu kwamba kila kiota kinachoanguliwa kinapunguza uadimu. Albino aliyekuwa ajabu mwaka 1992, leo ni wa kuanzia. Chatu mwenyewe, kinyume chake, hafi haraka: mmoja wa bustani ya wanyama ya Philadelphia aliishi miaka 47. Rangi itakuchosha kabla yake.

Yule buibui bado ninaye, mwaka wa tisa sasa. Nimemwondolea matawi ya kupanda, kizimba ni tambarare, pango ni dogo la kumbana pande zote, maana akibanwa anatulia. Panya namshikia kwa koleo karibu kabisa na mdomo, nasubiri kichwa kimalize kuzunguka. Sijampandisha hata mara moja, ingawa kila mwaka kuna anayeniomba.