Klabu za Shule na National Honor Society: Ninachowaambia Wazazi Waliohamia Marekani

Kila shule zinapofunguliwa, wazazi wenzangu waliohamia Marekani huniuliza swali lile lile: mtoto ajiunge na klabu ngapi ili chuo kimchukue? Mimi ni mwalimu wa sekondari huku, nimekuwa pia mlezi wa klabu za wanafunzi, na jibu langu huwa haliwafurahishi. Mbili zinatosha, na moja si haba.

Fomu ya Common Application, ya kuombea nafasi ya chuo na inayotumiwa na vyuo vingi, ina nafasi za shughuli 10, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150. Watoto wakiona nafasi 10 hudhani lazima zijae. Sasa mwambie aeleze klabu aliyoingia ili atokee kwenye picha ya kitabu cha mwaka. Ataandika "mwanachama", basi, kalamu imekwama. Aliyekuwa mweka hazina, akashika kitabu cha risiti, akahesabu fedha za mauzo ya keki mbele ya mlezi na kutia sahihi, huyo hata herufi 150 hazimtoshi.

Kwa hiyo siku klabu zinapopanga meza zao ukumbini, mtoto asiulize "mnafanya nini?" Kila klabu ina jibu tamu la swali hilo. Aulize mkutano wa mwisho ulikuwa lini, na nani alipewa kazi gani. Wakianza kutazamana, apite meza inayofuata.

National Honor Society, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa sekondari wanaofanya vizuri, ni habari nyingine. Ilianzishwa mwaka 1921 na chama cha wakuu wa shule za sekondari, na mtu hajiandikishi tu, huchaguliwa. Wastani wa alama usipungue 3.0 katika kipimo cha 4.0, na shule nyingine hudai zaidi. Wazazi wengi huishia hapo: alama ziko juu, kwa nini mwanangu kaachwa? Kwa sababu alama humfikisha mlangoni tu. Baraza la walimu watano hutazama pia huduma, yaani kazi za kujitolea kwa jamii, uongozi na tabia. Mlezi mwenyewe hapigi kura, kwa hiyo msimnunie bure.

Watoto wetu huanguka kwenye huduma, na si kwa uvivu. Wanafundisha wadogo kanisani au madrasa kila wikendi, wanawajazia wageni fomu, wanabeba viti kwenye kila msiba na kila harusi. Ila hakuna aliyeandika. Nimemwona binti akihangaika kutafuta sahihi usiku wa mwisho wa kurudisha fomu, na msimamizi wake alishahamia jimbo jingine, simu haipokelewi. Nunua daftari dogo: tarehe, saa, kazi, sahihi, siku ile ile. Kulea wadogo zake nyumbani mara nyingi hakuhesabiwi kuwa huduma, lakini Common Application ina kipengele cha majukumu ya familia, na kingine cha kazi ya kulipwa. Vitumieni. Wengi wetu tunaona haya kuandika kwamba mtoto ndiye anayepika na kuwalaza wenzake mama akiwa zamu ya usiku. Sijui haya hiyo inatoka wapi.

Halafu kuna barua. Mama mmoja aliniletea bahasha yenye muhuri wa dhahabu: "Mwalimu, mwanangu kateuliwa kwenye jumuiya ya heshima, ila wanataka ada wiki hii." Nikamuuliza mlezi wa jumuiya hiyo pale shuleni ni nani. Hakuwapo. National Honor Society huwa na tawi ndani ya shule na mwalimu anayejulikana kwa jina. Barua ikidai fedha kwanza, mpelekeeni mshauri wa wanafunzi aisome kabla hamjalipa chochote.

Na kama shule haina klabu ya Kiswahili, vijana waianzishe. Sheria ya mwaka 1984 iitwayo Equal Access Act inasema sekondari ya umma inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu klabu hata moja isiyohusu masomo, haiwezi kuikataa nyingine kwa sababu ya dini, siasa au maudhui ya mazungumzo yao. Wazo litoke kwa wanafunzi wenyewe, si kwa mzazi. Watafute mwalimu wa kukaa nao, hata kama hajui zaidi ya "jambo", waombe chumba, na kwenye mkutano wa kwanza wamchague katibu wa kuandika kumbukumbu kabla hawajaanza kugombania uenyekiti.