Barua kwa mwanangu: huzuni isiyo na sababu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo. Mguu wa baba yako umepoa, anakwenda msikitini mwenyewe bila kushikwa mkono. Ama baada ya salamu.

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara nyingi, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Umeniuliza: "Mama, mtoto ni mzima wa afya, mume wangu hanitesi, sijafiwa, sijakosa kitu. Mbona nalia kila alfajiri? Daktari kaniandikia vidonge, kasema ni sonona ya uzazi. Wifi anasema imani yangu imepungua, nizidishe uradi na vidonge niviache. Ni kweli?"

Si kweli, mwanangu. Nakujibu hilo kwanza, usije ukasoma barua nzima huku roho iko juu.

Sasa nikueleze. Palikuwa na mwanachuoni mmoja wa Balkh, mji ulioko Afghanistan ya leo, akiitwa Abu Zayd al-Balkhi. Alizaliwa mwaka 850, akafariki 934. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, kama baba yako. Alikwenda Iraq kutafuta elimu, akarudi kwao, akaandika mengi, hata ramani za nchi alichora. Kitabu chake ninachokitaka mimi ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Nilikisoma baada ya kustaafu, ile sehemu ya nafsi, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan. Nilisikitika kwamba miaka yangu yote ya uuguzi hakuna aliyenitajia jina hilo.

Al-Balkhi analalamika humo kwamba matabibu wanashughulikia mwili na kuiacha nafsi, ilhali mtu anaweza kuishi umri wake wote yasimpate baadhi ya maradhi ya mwili, lakini ya nafsi hakuna asiyeguswa nayo. Kisha anataja makundi manne. Yasome kwa sauti: ghadhabu, fazaa, huzuni, wasiwasi. Sikuyatafsiri. Ni maneno ya Kiarabu chake, yamevaa kanga kidogo tu, na ndiyo hayo tunayotupiana kila siku sokoni Ngamiani.

Kwenye huzuni ndipo nilipokukuta wewe. Aliigawa mara mbili. Ya kwanza sababu yake inajulikana: mtu amefiwa, amepotelewa, amekosa alichokipenda. Hiyo dawa yake ni maneno, ya wenzako wanaokuliwaza na yale unayoiambia nafsi yako mwenyewe. Ya pili mwenyewe ukimwuliza ana nini hana la kukutajia. Imemjia, imembana, hana raha na kitu, hata alivyokuwa akivipenda havimwingii. Hii, aliandika, asili yake ni mwilini, kwenye damu, na mwili ndio utibiwe, pamoja na kumchangamsha mgonjwa kwa mazungumzo. Habari ya damu kuchafuka daktari wa leo hataikubali, hiyo ilikuwa elimu ya zama zake. Lakini huyo unayemwona hapo ni wewe, mwanangu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Mwislamu msomi alikutana na mtu analia bila sababu, na alichomwandikia ni tiba.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Bibi yako alipomzaa mjomba wako wa mwisho, mimi nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa akikaa kibarazani na ungo mapajani, anachagua mchele. Nikitoka chuo cha Kurani adhuhuri namkuta pale pale, mkono umelala juu ya mchele, kuku wanadonoa mpaka kwenye ungo na yeye hawafukuzi. Majirani wakasema mvivu. Likaletwa kombe. Mimi ndiye niliyeshika sahani, nikaona maandishi ya zafarani yanayeyuka kwenye marashi, akanywa, akanirudishia sahani bila kunitazama. Kombe silidharau, ni maneno ya Mola wetu. Ila hakuna hata mmoja aliyesema apelekwe kwa tabibu. Aliendelea hivyo mpaka mjomba wako akaanza kutembea. Nilipoingia chuo cha uuguzi nilikuwa bado natafuta jina la ule ugonjwa.

Basi wifi yako usimkasirikie, anasema alichosikia kwa wakubwa. Lakini mwambie, kwa upole, kwamba Waislamu walijenga hospitali zenye wodi za wagonjwa wa akili. Ya Sultani Qalawun pale Cairo, mwaka 1284, ilikuwa wakfu: tajiri na maskini, mume na mke, wote walipokewa, wanawake na upande wao. Na mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi ila ameyaletea dawa. Uradi wako endelea nao. Kidonge na uradi havigombani.

Kuna na Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa zamani, huyu ninampenda kwa sababu ya kazi yangu. Alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, na kitabu chake cha utabibu, Qanun, kilisomeshwa Ulaya mpaka karne ya 17. Humo anaeleza habari ya mgonjwa anayekonda kwa mapenzi na hataki kusema ni nani. Tabibu amshike mkono penye mshipa, ayataje majina moja moja, na mshipa ukishtuka, hapo ndipo penyewe. Mimi nimeshika mikono ya wagonjwa kwa miaka mingi, saa imebanwa kifuani, nahesabu. Na ni kweli mshipa hushtuka. Kuna mama hata jina la mwanawe ukilitaja unasikia kidoleni.

Sasa la wasiwasi, hizo fikra zinazokujia usiku kwamba humfai mtoto. Al-Balkhi anaonya mtu wa namna hii asikae peke yake, upweke ndio unaozilisha. Hapo nilijuta. Dada zako wote walikaa arobaini hapa, wakakandwa maji ya moto, nyumba haikukosa watu hata usiku. Wewe ulizalia Dodoma, mumeo kazini kutwa, mlango umefungwa, na mimi nilikuja wiki moja nikarudi. Na kingine anasema: kama vile mtu mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua, aweke na fikra njema siku moyo umetulia, azikute siku umechafuka. Kwa hiyo ukipata hata saa moja nzuri, andika kwenye daftari ulichokiona kwa mtoto. Utakisoma alfajiri.

Vidonge anza. Daktari anajua kwamba unanyonyesha? Kama hukumwambia, mpigie leo. Usitegemee nafuu siku ya pili, huchukua wiki kadhaa, na usikatize bila kumwuliza. Na ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwamshe mumeo saa hiyo hiyo mwende hospitali, kisha nipigie, hata saa tisa ya usiku.

Jumamosi napanda basi la alfajiri. Safari hii sina tarehe ya kurudi, baba yako ameridhia, mdogo wako atampikia. Mwambie mumeo anipokee stendi, nina mzigo: samaki wa kukaanga, pilipili manga ya uji wako, na zile kanga zangu kuukuu za kukufunga tumbo. Sufuria kubwa la kuchemshia maji unalo, au nije nalo?

Mama yako