Tuliita watu kwa sayansi, wakaja tisa

SWALI: Habari Mwalimu. Sisi ni vijana kumi na wawili hapa Kisumu, tumeanzisha chama cha kuelimisha watu kuhusu sayansi. Mwezi uliopita tukakodi ukumbi, tukaleta projekta na slaidi 46 za malaria, matangazo tukabandika mpaka steji. Wakaja watu tisa, na wanne walikuwa mama zetu. Pesa imeisha na wenzangu wanasema watu wa hapa hawapendi sayansi. Tuache? – Katibu, Nyalenda

JIBU: Msiache Katibu wangu, na hayo maneno ya "watu wa hapa hawapendi sayansi" tafadhali yatoeni mdomoni kabisa. Mama anayeuza omena pale soko la Kibuye anajua mbalamwezi ikiwaka omena inapungua, juu wavuvi huivua usiku kwa taa na mwezi ukiwa mkali taa haiivuti vizuri. Huyo anachunguza mambo kila mwezi, ni vile tu hajawahi kuja mtu akakaa naye wakaongea hayo.

Sasa projekta rudisheni. Jumapili Kibuye inajaa, nendeni huko na meza moja na chupa mbili za glasi. Moja mteke maji kwa kidimbwi kilichopigwa na jua, hata kwenye nyayo za ng'ombe, nyingine kwa mtaro mchafu, mtafute viluwiluwi vya mbu. Vya anofelesi, huyo wa malaria, hulala bapa juu ya maji kwa sababu havina mrija wa kupumulia, na vya kuleksi, mbu wa aina nyingine, vinaning'inia kichwa chini mkia juu. Mpe mtu chupa aishike mwenyewe, aigonge kidogo na kidole aone vikizama halafu vinapanda tena kupumua, hapo ndiyo atauliza. Hapo sasa mwambieni daktari Mwingereza Ronald Ross alivyopata vijidudu vya malaria ndani ya mbu kule India mwaka 1897, ni dakika mbili tu.

Mmoja wenu aongee Dholuo. Na akija mzee aseme malaria inaletwa na kunyeshewa, msimcheke hata kidogo, mvua inaleta madimbwi na madimbwi yanaleta mbu, kwa hivyo ameona kitu cha kweli ila kuna hatua moja hapo katikati ameiruka, muonyesheni hiyo hatua kwa chupa.

Mtaulizwa pia mbona mtu analala kwa neti na bado anaugua. Neti inaweza kuwa na matundu, na mbu wengine huuma jioni watu wakiwa bado nje wanapika. Swali likiwashinda semeni hatujui, liandikeni kwa daftari, KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako hapo Kisian, waulizeni, halafu Jumapili inayofuata mrudi meza ileile na jibu.

Chupa zifungwe na kipande cha neti, maana kwa wiki moja hivi hao ni mbu wazima, na mkimaliza maji mwageni kwa mchanga mkavu, si mtaroni.