Mbwa Anayejisaidia Ndani: Niliyojifunza kwa Daftari na Ndoo ya Deki

Nyumbani nilikolelewa hapakukosekana mbwa, lakini sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti cha sebule. Mchana walifungiwa bandani nyuma ya jiko, usiku walifunguliwa walinde, na mahali walipokwenda haja halikuwa jambo la kuulizwa na mtu yeyote. Nadhani wengi wetu tulikua hivyo, na ndiyo sababu, tunapoamua leo kuishi na mbwa chumba kimoja, tunajikuta hatuna ujuzi wa kurithi: wazee wetu walijua kufuga mbwa wa uani, si wa kwenye zulia. Nilipomleta Popi, jike chotara wa kienyeji mwenye umri wa miezi mitatu, katika nyumba tuliyopanga hapa Arusha, niliamini kwamba mbwa mwenye akili huelewa usafi mwenyewe akishakaripiwa mara mbili tatu. Nilipiga deki kwa wiki sita kabla sijaanza kushuku kwamba asiyeelewa alikuwa mimi.

Ushauri wa kwanza niliupata kwa jirani, kwa mjomba wangu kwenye simu, na hata kwa fundi bomba ambaye sikuwa nimemwuliza, na wote walisema jambo moja: mshike, msugue pua kwenye mkojo wake, mchape kidogo, kisha mtoe nje. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano sebule ilikuwa kavu, nikajisifu, mpaka jioni niliposogeza kochi kutafuta rimoti na kukuta madimbwi matatu nyuma yake. Popi alikuwa amejifunza somo, ila si lile nililokusudia: alijifunza kwamba kukojoa mbele yangu ni hatari. Hasara kubwa zaidi ilijitokeza nje, kwa sababu mbwa anayeogopa kukojoa ukimtazama hatakojoa hata ukimpeleka kwenye majani, atakusubiri mrudi ndani na ugeuze mgongo.

Watu hunijibu kwamba mbwa anajua kosa lake, maana ukiingia tu huinamisha kichwa na kubana mkia. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani aitwaye Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lililochunguza sura hiyo hiyo, akaona kwamba mbwa huionyesha zaidi mwenye mbwa anapomkaripia, iwe mbwa huyo amekosa kweli au hajakosa. Kwa maneno mengine, anachosoma ni uso wako na sauti yako, wala si dimbwi la saa mbili zilizopita. Tangu nilipolielewa hilo, nikikuta mkojo ambao sikuuona ukimwagika, nafuta na kunyamaza. Nikimkuta katikati ya tendo, napiga makofi mara moja, bila ukali, nambeba haraka hadi uani, na akimalizia huko nampongeza.

Kilichobadilisha mambo hasa ni daftari la shule la kurasa 48. Kwa wiki moja niliandika kila kitu: saa aliyokula, aliyolala, aliyoamka, aliyokojoa, wapi, na nani alikuwa naye. Wiki ilipoisha niliona kwamba ajali hazikutawanyika ovyo kama nilivyodhani. Karibu zote ziliangukia nyakati tatu, na kila wakati ulikuwa na sababu yake ndani ya ratiba ya nyumba yetu.

Wakati wa kwanza ulikuwa alfajiri. Nilikuwa naamka saa 12, naoga, naweka chai jikoni, ndipo namfungulia mlango, na kumbe kwa mtoto wa mbwa dakika 20 baada ya kuamka ni nyingi mno. Wenye uzoefu hukadiria kwamba anaweza kujizuia kwa saa zinazolingana na miezi yake ukiongeza moja, yaani saa nne hivi kwa mbwa wa miezi mitatu, lakini hicho ni kikomo cha mbwa aliyetulia, si ruhusa ya kumwacha mpaka hapo. Akiamka, akimaliza kula, au akitoka kwenye mchezo wa kukimbizana, kibofu hakingoji. Sasa natoka naye kwanza, hata nikiwa bado na shuka begani, na wakati huo wa majaribio niliamka pia mara moja saa 9 usiku.

Wakati wa pili ulikuwa alasiri, na huo ulinichukua siku kadhaa kuung'amua. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa huruma yake, alikuwa akimpa Popi mabaki ya ugali na dagaa wa chumvi kila walipomaliza kula mchana. Mbwa akishakula chumvi hunywa bakuli zima la maji, na maji hayo lazima yatoke. Nilikaa naye tukazungumza kwa heshima, nikamwonyesha daftari, tukakubaliana chakula kiwe mara tatu kwa siku, kwa saa zile zile, bila vionjo vya katikati. Jambo moja tusilolifanya, na ambalo nakusihi usilifanye, ni kumpunguzia mbwa maji ili asikojoe. Maji yawepo mchana kutwa. Ukiweza kupanga saa ya kula, saa ya kwenda haja nayo inaanza kutabirika.

Wakati wa tatu ndio ulioniudhi kuliko yote: tulikuwa tukitoka usiku saa 4, anazunguka uani, ananusa kila jani, tunarudi ndani, na kabla sijafunga komeo anachuchumaa juu ya zulia. Kosa lilikuwa langu tena. Siku alizokojoa upesi nje nilimwita ndani papo hapo, kwa kuwa baridi ya Arusha mwezi Julai si ya mchezo, naye akahitimisha kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza matembezi. Nikageuza utaratibu. Namfunga kamba, nasimama mahali pamoja bila kumsemesha, na akimaliza nampa kipande kidogo cha ini la kuchemsha pale pale aliposimama, ndani ya sekunde mbili tatu, si tukifika mlangoni, kisha ndipo tunacheza kidogo. Dakika kumi zikipita bila kitu, tunarudi ndani akiwa bado kwenye kamba, na baada ya robo saa tunatoka tena. Usiku mmoja tulitoka mara nne, na mlinzi wa jirani akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Kamba hiyo ilifanya kazi nyingine ndani. Mtoto wa mbwa asiyejua bado haifai apewe nyumba nzima, kwa kuwa hachafui kwa hiari mahali anapolala, lakini chumba cha wageni kwake ni nje kama nje nyingine. Nikiwa sebuleni nilifunga ncha ya kamba kwenye mkanda wangu, hivyo kila aliponusa sakafu kwa kuzunguka, au alipoacha mchezo ghafla, nilijua. Nisipoweza kumwangalia alikaa kwenye kona niliyoizungushia ubao, yenye kitanda chake na mwanasesere mmoja, kwa muda ambao nilijua anaumudu.

Kuhusu usafi, niliharibu mengi kabla ya kupatia. Tulipiga deki kwa dawa ya klorini, na Popi akarudi pale pale. Mkojo una harufu ambayo pua yetu huacha kuisikia mapema wakati pua ya mbwa inaendelea kuisoma kama kibao cha choo. Zaidi ya hayo, klorini ikikutana na mkojo mbichi inaweza kutoa mvuke unaowasha macho na kifua. Wapo pia wanaotia mafuta ya taa kidogo kwenye maji ya deki, jambo ambalo nalikataa kabisa kwa sababu mbwa hulamba nyayo zake. Njia iliyotufaa ni kunyonya mkojo kwanza kwa kitambaa kikavu bila kusugua, kisha kuosha kwa sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, ambavyo huvunjavunja kile kinachonuka, kwa maji ya uvuguvugu, halafu kusuuza na kuacha pakauke. Kwenye marumaru inatosha. Zulia letu halikupona, na sikulilia sana kwani lilikuwa baya tangu mwanzo.

Yote haya yanamhusu mbwa ambaye hajajifunza. Mbwa aliyekwisha kujifunza kisha akaanza tena ni habari tofauti, na hapo daftari lisikucheleweshe. Mama yake Popi, ambaye tulimchukua baadaye akiwa mzee, aliishi nasi mwaka mzima bila doa, kisha ghafla akaanza kukojoa vitone vitone kila saa. Nilikuwa karibu kusema ni wivu. Daktari wa mifugo alitaka mkojo wa asubuhi, nikaukinga kwa upawa mkuukuu nikimfuata uani kama mwizi, na kipimo kikaonyesha maambukizi ya njia ya mkojo. Alipotibiwa, ajali zilikwisha. Damu kwenye mkojo, kukojoa kidogo kidogo kwa kujikamua, kunywa maji kupita kawaida, au kulowesha kitanda akiwa usingizini ni dalili za kumpeleka kwa daktari: huenda ni mawe ya kibofu, kisukari, figo, au kulegea kwa misuli ambako huwapata baadhi ya majike waliofungwa kizazi. Na dume anayeinua mguu kwenye kona ya kochi kwa mkojo kiduchu hakubanwa na haja. Anaweka alama, na kuhasiwa huwapunguzia wengi tabia hiyo.

Kuna pia ule mkojo wa salamu, wakati mbwa mdogo anapokuona na kulegea miguuni mwako. Ukikaripia utauzidisha. Ingia bila shangwe, mpite, kisha uchuchumae kwa ubavu akufuate mwenyewe, ikiwezekana nje ya mlango. Wengi huuacha wanapokua.

Kilichobaki kwetu ni masika. Popi hapendi kukanyaga majani yaliyolowa, na mwezi Aprili huweza kujizuia toka asubuhi hadi akakata tamaa mbele ya jokofu. Mwaka huu niliezeka bati mbili juu ya kona ya uani, nikamwaga mchanga chini, nikachukua kitambaa chenye mkojo wake na kukiburuza pale mara moja ili apatambue. Mvua ikinyesha tunakwenda huko pamoja, yeye chini ya bati na mimi chini ya mwavuli, ini likiwa mfukoni ndani ya mfuko wa nailoni.